Bastola ya Agafia

Mpiga ngoma akizidisha kishindo, wapita njia hushangilia, ila mwenye ngoma ndiye anayerudi nyumbani na ngozi iliyochanika. Wapo watu wasiolielewa jambo hili mpaka liwapasukie mikononi. Nikifor Larionoff alikuwa mmoja wao.

Alikuwa mkubwa wa ukoo katika kijiji chetu kisiwani Kodiak, kaskazini ya mbali kwenye baridi, na sauti yake ilifika mahali kabla ya miguu yake. Kiangazi kile alimpiga marufuku Agafia, mjane wa mdogo wake, kurudi kwenye kibanda chake cha kukaushia samaki kule juu mtoni. Dubu alikuwa amemjia huko, na baada ya Agafia kufyatua bastola mara tatu, ikagoma. Dubu aliondoka kwa hiari yake tu. "Mkono wa mwanamke," Nikifor alisema, na wengi wakaitikia kwa vichwa.

Agafia alijua kuwa kibanda kikiachwa msimu mmoja, dubu hukifanya chao. Wanawe wangeshinda majira ya baridi wakila samaki wa kuomba. Alikataa katakata.

Bastola ile fupi, nyepesi, yenye mtutu mpana, alipewa na Nikifor mwenyewe, pamoja na risasi kali kuliko zote dukani. Agafia aliisafisha, akaizungusha silinda inayobeba risasi ikiwa tupu, akaona haina kasoro. Kisha akaijaza, akafyatua mara mbili na kuzikagua risasi zilizobaki. Hapo ndipo alipong'amua. Kila mlio ulikuja na teke kali mno kwa chuma chepesi kama kile, na vichwa vya risasi zilizosubiri zamu vilichomoka kidogo kidogo kwenye maganda yake. Kimoja kikitokeza mbele ya silinda, silinda haizunguki tena.

Jumapili watu walipokusanyika ufukweni, alimkabili.

"Shemeji, mkono wangu hauna kosa. Kosa ni la risasi zako."

"Sikilizeni, jamani! Leo kifaranga anamfundisha mwewe kuruka!"

"Basi ruka tukuone. Ukizimaliza zote sita, nabaki hapa nakupikia pai ya samaki mpaka uote magamba. Ikigoma, usinitajie tena kibanda changu."

Nikifor aliipokea bastola, imejaa risasi zake mwenyewe, kwa madaha, akakilenga kisiki. Milima ilirudisha mwangwi, watoto wakaziba masikio. Alipofika risasi ya nne, kimya. Alivuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

"Imeharibika hii!"

"Una bahati kisiki hakina meno," akasema shangazi Matrona, na ufukwe mzima ukaangua kicheko.

Agafia aliichukua, akaielekeza baharini, akaikwamua taratibu. Akaijaza risasi alizozichagua mwenyewe: za nguvu ya wastani, vichwa vizito vya madini magumu ya risasi, midomo ya maganda imevibana barabara.

"Hizo zitamtekenya dubu tu," Nikifor akabeza.

"Nimezijaribu kwenye magogo, zinazama kuliko zako. Na ya mwisho inatoka kama ya kwanza."

Akafyatua tano. Ya sita akaitoa, akaisimamisha juu ya jiwe kando ya mpya. Zilikuwa na kimo kimoja; kichwa hakikuchomoka hata chembe. Akairudisha ndani, akaifyatua nayo, na kisiki kikarusha vibanzi.

Nikifor aliona aibu, na aibu ikamtia ukali. "Na nikikukataza kama mkubwa wa ukoo?"

"Kataza, shemeji. Paza sauti, maana mtoni ni mbali."

Akawapandisha wanawe mashuani bila kumwomba mtu ruhusa. Kiangazi chote tuliona moshi wa kibanda chake ukipanda, na Nikifor hakufungua mdomo tena juu yake. Hakika, ngoma ikilia sana hupasuka.