Nazi Zilizomgomea Jumbe

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nazi na mbuzi ya kukunia. Atakayesinzia, atakuna yeye.

Hapo kale palikuwa na Jumbe Mwinchande, tumbo mbele, haya nyuma. Sheria yake ilikuwa hii: mwenye mavuno ayapange uwanjani mafungu yaliyo sawa. Jumbe aseme mangapi, yasipungue mawili, kisha achukue moja, lile lililo karibu na miguu yake, na mengine yabaki kwa mwenyewe. Likibaki tunda moja nje, mafungu ni batili, yapangwe upya. Kwa sheria hiyo Jumbe alijiita mwadilifu. Mbona kila mara alisema mawili? Mwamba ngoma, jamani, huvutia kwake.

Basi palikuwa na mjane, Bi Mwanakheri. Alikuwa na nazi elfu moja za harusi ya bintiye. Nusu zikienda kwa Jumbe, wakwe watakula wali mkavu, na aibu hiyo haioshwi. Bi Mwanakheri aliogopa, nisiwafiche.

Akazipanga kwanza uani kwake. Mafungu mawili, sawa. Akakasirika, akakuna nazi moja, akala. Akapanga tena. Matatu, sawa. Akakuna ya pili, akala. Akapanga tena. Mawili, sawa. Akakuna ya tatu, akala. Majirani wakasema mama mtu anajilia karamu kabla ya wageni. Yeye akapanga tena. Mawili, zikakataa. Matatu, zikakataa. Saba, kumi na tatu, thelathini na moja, zikakataa. Mgongo ukamuuma, roho ikamtulia.

Siku ya mgao ikafika. Jumbe akasema mawili, ikabaki nazi moja. Akasema matatu, ikabaki moja. Akasema matano, zikabaki mbili. Jua likapanda, kilemba kikalegea. Watumishi wake wakajaribu kila hesabu waliyoijua, na nyingine za kubahatisha.

"Nazi hizi zina nini?" Jumbe akauliza.

"Hazina kitu, Jumbe wangu. Hazitaki tu kugawanywa."

"Ina maana hakuna mafungu yatakayokuwa sawa?"

"Yapo," akasema Bi Mwanakheri. "Kila nazi fungu lake."

Watu wakainamisha nyuso, mabega yakiwatetemeka. Jumbe akatafuta njia nyingine, asiione. Sheria ni yake, na mashahidi ni mji mzima. Zikapangwa moja moja, akaokota iliyokuwa karibu na miguu yake, akaitikisa. Haikuwa na maji. Nani aliiweka pale? Msiniulize mimi, muulizeni mjane.

Harusi ikafana, wakwe wakalamba vidole.

Msimu uliofuata, nyumba zote zilikuna na kupanga, zikakuna na kupanga. Jumbe akasikia mlio wa mbuzi mji mzima, akaifuta sheria mwenyewe, akatangaza kwamba amewahurumia.

Ngano imefika kifuuni. Ikiwa tamu, tugawane sote. Ikiwa imechacha, mpelekeeni Jumbe, fungu lake moja.