Mwinyi Mkia na Uvimbe wa Miguu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie watu wazima mmeitika kwa uvivu, watoto wamewashinda. Haya.

Hapo zamani za kale, mamba hajaota hata jino moja, palikuwa na dimbwi. Humo waliishi viluwiluwi, vichwa na mikia tu. Mkubwa wao alikuwa Mwinyi Mkia. Mkia wake mrefu, mweusi, unang'aa. Akiupunga, swii, swii, wenzake wanaduwaa.

Desturi yao ilikuwa kukaguana kila asubuhi. Aliyeonekana na kijimguu alihesabiwa mgonjwa. Alifukuzwa dimbwini, asije akaambukiza wengine.

Siku moja akakaguliwa Nyamvula, mdogo wake Mwinyi. Miguu miwili nyuma, miwili mbele.

"Kaka, mimi siumwi. Najisikia vizuri tu."

"Ndivyo wagonjwa wote wanavyosema," akajibu Mwinyi. "Pole, mdogo wangu. Toka."

Nyamvula akatoka analia. Akaruka, tapu. Akaruka tena, tapu, tapu, akafika mtoni. Kilio chenyewe kilimwisha njiani, maana kuruka kulikuwa kutamu.

Jua likawaka. Dimbwi likapungua, likapungua. Viluwiluwi wakaota miguu mmoja mmoja, Mwinyi akawafukuza wote. Akabaki peke yake, sultani wa matope. Akajitazama. Lo, miguu minne! Akaifukia topeni watu wasiione. Watu gani, hata mimi sijui.

Nyamvula akasikia dimbwi linakauka. Akarudi mbio, tapu, tapu, roho juu.

"Kaka, utakufa hapa. Ruka twende mtoni."

"Niruke kwa nini?"

"Kwa hiyo miguu yako."

"Miguu ipi? Huu ni uvimbe. Utapungua."

"Na mkia wako uko wapi?"

Mwinyi akageuka kutazama. Hakuona kitu.

"Umepumzika," akasema.

Nyamvula akamsihi, akamvuta, akalia, maana alimpenda kaka yake. Mwinyi akang'ang'ania tope lake. Jioni tope likagangamaa, likambana. Nyamvula akaondoka peke yake.

Asubuhi akapita ndege yangeyange. Akamdonoa Mwinyi, akammeza.

"Mnono huyu," akasema, "hasa mapajani."

Basi, kiumbe hukua, na kukua si ugonjwa. Anayeona haya kubadilika huangamia na dawa anayo mwilini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na nyie mnaopaka mvi piko, sikumtaja mtu jina.