Ua Moja la Binti Simba

Zamani, wanyama walipokuwa wakiposana na kuteta kama sisi, kiangazi kilikausha mbuga nzima. Kikabaki kichaka kimoja tu chenye kivuli, kando ya chemchemi. Humo aliishi Digidigi na mwanawe mchanga.

Simba, kwa majivuno yake, akatangaza, "Mvua zikianza, binti yangu anaolewa. Atakayemletea maua, kichaka kile ni chake. Wengine wahame!"

Digidigi akaingiwa na hofu, maana mwanawe asingestahimili jua. Humo kichakani akapanda mayungiyungi ya msituni, si yale ya majini, maua yapendayo kivuli. Akayafunika kwa majani makavu na kuyanyunyizia maji kiasi. Yakachipua.

Fisi naye alikitamani kichaka, kwani kila mwenye kiu angempitia mlangoni. Digidigi alipotoka na mwanawe kutafuta chakula, Fisi akaingia, akang'oa mayungiyungi yote makubwa. Madogo akayadharau. Akayapanda chini ya mgunga, karibu na pango la Simba, aonekane.

Sungura, aliyekwisha kuyaona maua kwa Fisi, akamkuta Digidigi analia.

"Nyamaza, dada. Maua haya huuawa na nini?"

"Jua kali na maji mengi."

"Basi futa machozi."

Sungura akamwendea Fisi. "Kaka, maua mazuri, ila membamba! Digidigi aliyapa maji kwa kipimo chake. Na wewe, mwili wote huo, utapima kama yeye?"

"Mimi na kidogo wapi na wapi!" Fisi akacheka. Akaukata mgunga ili maua yapate jua lote, kisha akayamiminia mitungi ya maji mpaka bustani ikawa tope.

Mvua zikaanza. Simba akaja na wakwe zake, akakuta majani yameungua na mizizi imeoza. Akaziba pua.

"Fisi! Hii ni harusi au jalala?"

"Si yangu, mzee! Ni ya Digidigi! Niliyang'oa kwake yakiwa mazima!"

Wakwe wakaangua kicheko. Digidigi akasogea, akaweka miguuni pa Simba ua moja jeupe, lililochanua kwenye yale madogo yaliyoachwa.

"Ni moja tu, mzee."

Simba akawatazama wakwe, akatuna kifua. "Moja tu? Basi hakuna bibi harusi mwingine atakayelivaa!"

Digidigi akapewa kichaka. Fisi akaamriwa kumwagilia bustani ya Digidigi kwa ganda la konokono. Kila akijaribu kuzidisha, Digidigi humwambia, "Inatosha, kaka." Na hakuna neno linalomuumiza Fisi kama hilo.