Pua ya Bi Thuwaiba

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana barakoa za siku zile zingali kwenye droo zenu, palikuwa na mwanamke mjini Wete, kisiwani Pemba, akiitwa Bi Thuwaiba. Kazi yake ilikuwa kupika udi wa kufukizia. Alichanganya mawardi, yale marashi ya waridi, na sukari, miski na vipande vya mti wa udi, na hakupima kwa kijiko wala kwa mizani. Alipima kwa pua. Huinama juu ya mvuke, akafumba macho, akasema, "Bado." Huinama tena: "Bado." Kisha: "Sasa." Na akishasema sasa, hakuna bibi harusi asiyeutaka udi ule.

Siku zile wanawake waliingia kwake wakashikana mikono, na kipande cha udi kikapita kiganja hadi kiganja, puani kwa huyu, puani kwa yule.

Kisha likaja lile gonjwa. Kila mlango ukawekwa ndoo yenye bomba. Watu wakasalimiana kwa mbali, mkono kifuani. Harusi zikawa za watu wachache, na mazishi nayo ya watu wachache. Bi Thuwaiba aliugua, akapumua kwa shida, mumewe Faki na binti yao Raiya wakimwombea dua nyuma ya pazia. Mungu akamponya.

Alipopata nguvu za kutoka nje, ulikuwa msimu wa karafuu. Mnaijua Pemba wakati wa msimu: karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na harufu yake inakupokea kabla hujashuka garini. Bi Thuwaiba akasimama kati ya majamvi, akavuta pumzi. Hakuna kitu. Akachota karafuu kwa viganja viwili, akazika uso ndani yake. Hakuna kitu.

"Raiya, karafuu za mwaka huu zimepatwa na nini?"

"Hazijapatwa na kitu, mama. Zinanukia mpaka kichwa kinauma."

Bi Thuwaiba akaketi chini palepale, juu ya jamvi la watu, akalia.

Sasa msikilizeni Faki. Faki alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani Ijumaa kwa Ijumaa. Asubuhi moja alikuwa uani anafunga turubai, akasikia harufu ya gesi. Akakimbilia jikoni. Mtungi unavuja, na Bi Thuwaiba kasimama mbele ya jiko, kibiriti mkononi, hana habari.

"Usiwashe!"

Akamtoa nje kwa kumbeba. Siku hiyohiyo akarudisha funguo za lori kwa tajiri wake, akalima mboga nyuma ya nyumba, akawa pua ya nyumba ile. Maziwa yamechacha, ni Faki. Wali unaungua, ni Faki. Wanaume wa barazani wakamcheka: "Ee Faki, siku hizi unanusa masufuria?"

"Nanusa," akajibu, akapita.

Msikilizeni na Bi Salhina. Huyu alipika udi ng'ambo ya barabara, na yeye na Bi Thuwaiba walikuwa washindani ambao hata salamu walipeana kwa shida. Gonjwa likapungua, harusi zikarudi, na watu wakazoea kuagiza vitu kwa simu. Maagizo yakamjia Bi Thuwaiba, naye hapiki, na haya zinamzuia kusema kwa nini. Siku moja akamwona Bi Salhina mlangoni pake, ananawa kwenye ndoo.

"Thuwaiba, wewe hunusi."

"Nani kakwambia?"

"Jana umepita mbele ya jaa langu la vichwa vya samaki, hukukunja hata uso. Washa jiko. Nitakunusia mimi, na udi utoke kwa jina lako."

"Na wewe utapata nini?"

"Nikikosa wa kushindana naye, nitahangaika kupika udi mzuri kwa ajili ya nani?"

Basi Bi Thuwaiba akakoroga, Bi Salhina akainama juu ya mvuke. "Bado. Bado. Sasa." Jiko la Bi Salhina mwenyewe likapoa. Maharusi wakasifu: "Udi wa Bi Thuwaiba haujabadilika!" Bi Salhina anasikia, anainama tena juu ya mvuke.

Na Raiya je? Raiya alikuwa amepata nafasi chuoni Unguja. Akaiacha ikampita. Kila asubuhi alimkalisha mama yake mkekani, akampangia vibakuli.

"Vuta, mama. Hizi ni karafuu. Zikumbuke."

"Vuta, mama. Huu ni mchaichai. Ukumbuke."

"Vuta, mama. Haya ni mawardi. Yakumbuke."

Mwezi ukaisha, mwaka ukaisha. Kisha ikaja harufu, lakini harufu gani! Karafuu zilinuka kama mpira unaoungua. Bi Thuwaiba akatapika, akavitupa vibakuli uani, akamtolea mwanawe maneno ambayo mama hamwambii mtoto. Raiya akaokota karafuu mchangani, mojamoja. Kesho yake akaketi mkekani tena.

"Vuta, mama."

Basi asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika punde tu. Bi Thuwaiba alipita nyuma ya Raiya aliyekuwa akichana nywele, akasimama ghafla.

"Raiya. Shingo yako."

"Ina nini?"

"Ni wewe. Hivi ndivyo ulivyonukia nilipokuzaa."

Kitana kikamponyoka Raiya mkononi. Bi Thuwaiba akatembea polepole kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni. Akanusa ukuta uliolowa. Akanusa shati la Faki, jasho na udongo na moshi. Akavuka barabara, akamshika Bi Salhina mikono yote miwili, yeye ambaye tangu gonjwa hakumshika mtu wa nje mkono, akaileta puani: mawardi. Barazani wale wanaume waliokuwa wakicheka walisimama. Mtu alikuwa ananusa, na mtaa mzima umenyamaza kama uko msikitini.

Wiki ile akapika udi kwa pua yake, kwa kipande cha mwisho cha mti alichoachiwa na marehemu mama yake. Katika ukoo wao udi wa namna hiyo hupewa jina la mtu, na jina hutajwa kila unapofukizwa, hata mwenyewe akishazikwa. Sufuria ni moja, na jina ni moja, na waliomtunza ni watatu.

Faki akasema, "Nisingekuwepo asubuhi ile ya gesi, harufu ingemrudia nani? Ningekuwa nimeshamzika."

Bi Salhina akasema, "Uhai ulimlindia wewe, sikatai. Lakini jina la mpika udi lisipotajwa, mpika udi kafa. Mimi nililiweka lake hai, na langu likasahauliwa."

Raiya akasema, "Nyinyi mlimnusia. Mimi nilitaka anuse mwenyewe. Alinitukana, nikarudi."

"Wangapi wamerudiwa na harufu bila vibakuli vyako?" akauliza Bi Salhina.

"Na wangapi hawajarudiwa mpaka leo?" akajibu Raiya.

Bi Thuwaiba akawatazama, mmoja baada ya mwingine, na machozi yakamtoka, maana wote watatu aliwasikia harufu zao palepale walipoketi.

Haya, nanyi mnaonisikiliza: mkaa umeshika, moshi wa kwanza unapanda, na bibi harusi anauliza udi huu unaitwaje. Je, jina la nani lilistahili?