Kidole cha Nguchiro

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni na wakubwa. Hii si ya watoto peke yao.

Hapo zamani za kale, siku ya tisa ya Rajabu, saa tatu asubuhi, Digidigi alikufa. Ni paa mdogo, naye alitaka nguvu. Alikunywa unga wa nguvu aliouuza Nguchiro gulioni. Moyo ukapiga du! du! du! Kisha kimya.

Mkewe akamzika. Akakaa eda. Siku aliyotoka edani, akaenda moja kwa moja gulioni.

Desturi ya gulio ilikuwa hii: muuza cha kuliwa huonja kwanza, watu wakimwona. Nguchiro akachovya kidole katika bakuli la unga. Akalamba. Akajipiga kifua, pu!

"Mmeona? Mizizi mitupu! Haina madhara!"

"Nitilie vijiko viwili, Daktari," akasema Kima, kikombe mkononi. "Mke wangu ameanza kuniita babu."

Wakacheka.

"Kima, usinywe," akasema Bi Digidigi.

"Pole na msiba, mama," akasema Nguchiro. "Marehemu alizidisha kipimo. Nenda kapumzike."

"Siendi."

"Na ufupi huo, unaona nini huko chini?"

"Naona kidole. Wenzangu warefu, wanakutazama mdomo. Macho yangu mimi yako sawa na meza. Unachovya cha shahada, unalamba cha kati."

Watu wote wakageukia vidole vya Nguchiro.

"Lamba chenye unga," akasema Bi Digidigi.

"Leo nimefunga."

"Umefunga?" akauliza Kima. "Na sasa hivi ulikuwa unalamba?"

"Lamba!"

Nguchiro akafuta kidole kwenye manyoya. Futa, futa.

"Basi sema umetia nini," akasema Bi Digidigi.

"Mizizi."

"Na nini?"

"Na mbegu za mnanaha. Kidogo tu! Moyo uende mbio, mtu ajione ana nguvu."

Kima aliposikia jina la sumu hiyo, akamwaga kikombe, mwaa! Bi Digidigi akaipiga meza teke, bakuli likaanguka, pwaa!

"Mnaniharibia biashara!"

"Uza mizizi, useme mizizi. Na kila gulio utanikuta hapa, macho sawa na meza."

Akasimama pale pale. Gulio hili, na lile, na lile. Hakuna aliyeweza kumwondoa.

Jueni basi: anayeuza cha kuingia mwilini mwa mtu, aseme kweli kilichomo, naye akile kwanza.

Hadithi yangu naitua hapa. Ee Mola, warehemu waliotutangulia, waliokunywa wakidhani ni dawa. Wape makazi mema. Amina.