Neno "Zote" kwenye Fomu ya Bi Mwanahija

Hapo zamani, zamani za juzijuzi tu, redio ilipokuwa ikisoma bei za hisa kila baada ya taarifa ya habari, aliishi Bi Mwanahija. Miaka thelathini aliwapikia wafanyakazi wa kiwanda cha saruji. Kiwanda kilipouza hisa, alinunua mia nne. Kila moja ikapanda hadi elfu ishirini. Jumla milioni nane, na milioni nane ndizo ilizotaka hospitali ili imbadilishie nyonga yake iliyosagika. Nasema mapema: hadithi hii hunipandisha hasira. Asiyetaka kukasirika aondoke.

Siku moja ikaja barua ya kiwanda. Kila hisa imegawanywa, moja imekuwa mbili, na bei ya kila moja ni nusu. Yaani mkate ni uleule, umekatwa tu katikati. Bi Mwanahija sasa ana mia nane. Aliyeipokea ni mwanawe, Kitwana. Akaisoma, akaielewa, akaitia mfukoni. Kimya!

Kesho yake redio ikasema: saruji, elfu kumi. Binti, Mwatumu, akapiga yowe. "Mama, hisa zimeporomoka! Tuuze kabla hazijawa karatasi ya kufungia maandazi!"

Akakimbilia kwa jirani yao, Bwana Semboja, mnunuzi wa hisa tangu ujana wake. Mia nne kwa elfu kumi, milioni nne. Semboja akalipa bila kubishania hata senti. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kujaza idadi. Mwatumu, kwa papara, akaandika neno moja: zote. Mama akaletewa fomu, akatia dole gumba.

Zote! Si mia nne. Hisa mia nane zikaenda kwa bei ya mia nne.

Hospitali ikawarudisha nyumbani, pesa hazitoshi. Wiki hiyohiyo Mwatumu, akifua suruali ya kaka yake, akaikuta barua. Semboja akaitwa, nyumba ikawaka moto.

"Kaka, ulijua ukanyamaza!"

"Mwaka jana niliwaambia tuuze nusu, kuweka kila kitu kwenye kiwanda kimoja ni hatari. Mkanicheka, mkaniita profesa wa magazeti. Nikaapa sisemi tena. Na mimi sikuuza kitu. Umeuza wewe."

"Mimi nilikimbia kumwokoa mama! Na huyu Semboja alijua, akanitazama nikiandika!"

"Nilijua, ndiyo," akasema Semboja. "Lakini mji mzima ulisema tanuri la kiwanda limepasuka, kitafungwa. Kingefungwa, mngenirudishia milioni zangu? Hatari niliibeba peke yangu. Na zote ni zote, binti. Kalamu sikuishika mimi."

Bi Mwanahija akapiga mkongojo sakafuni.

"Nyamazeni! Miaka thelathini nimepakua chakula, sijampa mtu nusu sahani nikamwambia ni nzima. Sitaki mchango, huyu kidogo na yule kidogo. Mmoja wenu ndiye aliyenila. Huyo alipe milioni nne zilizopungua kwa nyonga yangu, zote!"

Wote watatu wakatazama chini. Nyinyi msitazame chini! Mimi nimeshindwa kuamua, na inaniudhi. Kitwana aliyejua akanuna? Mwatumu aliyempenda mama akakurupuka? Semboja aliyejua akanunua? Jibuni upesi, mama wa watu amesimama kwa mguu mmoja: je, nani alistahili kulipa?