Ngoma ya Jabari Kodoa

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani hii ya juzi ambayo bibi zenu wanaikumbuka na wanajifanya wameisahau, palikuwa na mji wa machungwa ukiitwa Kwemsala. Watu wa Kwemsala walijua mambo mawili tu, kuchuma machungwa na kubishana. Na hawakubishana juu ya mpira wala siasa. Walibishana juu ya majabari.

Majabari gani? Ngojeni basi, mbona mna haraka. Majabari walikuwa watu wa ngano. Kulikuwa na Jabari Tikisa, akikohoa milima inahama. Kulikuwa na Jabari Bugia, aliyekunywa ziwa zima akasema bado ana kiu. Na kulikuwa na Jabari Kodoa, ambaye hakuna kitu kilichompita machoni, juu ya ardhi wala chini yake. Ngano ilikuwa moja, wasimulizi wengi. Kila mji ulikuwa na msimulizi wake, na kila msimulizi alikuwa na jabari wake wa kumlea. Kodoa alilelewa na Bi Nyamvula wa Kwemsala. Alimrithi kwa mama yake, na mama yake alimrithi kwa bibi.

Basi kutwa ni ubishi. Kwa kinyozi ubishi, kisimani ubishi, hata msibani, maiti hajatoka, ubishi. "Bugia akimmeza Tikisa, na Tikisa akatikisika humo tumboni, nani kashinda?" Ndoa moja ilikaribia kuvunjika kwa swali hilo. Imamu alikuja kuuliza kama hao majabari wanafanywa miungu, akaambiwa, "La, Sheikh. Uwezo wao unaishia mlangoni pa banda tunamosimuliwa." Akaridhika, akaaga. Alipofika mlangoni akageuka, akasema yeye kwa maoni yake angeshinda Bugia.

Sasa sikilizeni sheria, maana bila sheria hamtaelewa kilichomtoa Bi Nyamvula jasho. Msimulizi akisema jambo mbele ya watu, na watu wakaitikia "Imekuwa", basi limekuwa. Halifutwi, halipunguzwi. Ndiyo maana kila mavuno watu wa mji mmoja waliwaendea wenzao kutafuta mashimo. Shimo ni pale maneno mawili yaliyoitikiwa yanapogombana. Shimo likionekana, msimulizi haruhusiwi kulijaza mwenyewe, maana mpishi hasifu mchuzi wake. Hulijaza wasikilizaji wake. Debe hupigwa mara tatu, polepole, na likilia la tatu bila jibu lililosimama, jabari anahama. Anakwenda kwa yule aliyeliona shimo, na msimulizi wa kwanza hamtaji tena mpaka anaingia kaburini.

Lakini aliyejaza shimo naye alipata chake. Jina lake liliingizwa ndani ya ngano, likakaa humo milele. Jina moja kwa mavuno mamoja, basi.

Mwaka huo walikuja watu wa Makorongoni. Walikuja mchana kweupe, wamevaa vizuri mno, na mtu akija kwako amevaa vizuri mno ujue ana jambo. Mbele yao alikuwa msimulizi wao, Bwana Sempombe, debe mkononi. Wakaingia banda la kuchambulia machungwa, wakasukuma makreti, wakakaa.

"Dada Nyamvula," akasema Sempombe, "sikuja kukuchosha. Kodoa anaona kila kitu. Limekuwa au halijawa?"

"Imekuwa," banda likaitikia.

"Jabari hasemi uongo. Limekuwa au halijawa?"

"Imekuwa."

"Mjane wa bonde kavu aliingia kwa Kodoa mchana, akachomoa ngoma ya mvua, ile ikipigwa mvua hunyesha, Kodoa akiwa ameilalia kichwa, akaondoka nayo. Limekuwa au halijawa?"

Hapo watu waliitikia kwa sauti ndogo, maana walikwishaliona linakokwenda.

"Basi niambieni," akasema Sempombe, "mwenye kuona kila kitu anaibiwaje mto alioulalia mwenyewe?"

Akapiga debe la kwanza.

Bi Nyamvula alikaa juu ya kreti lake, mikono mapajani. Hakuwa na mume, na wanawe walikuwa mbali. Asubuhi watoto wakipita kwake hawasemi "shikamoo, Bi Nyamvula", wanasema "shikamoo, Bi Kodoa", na yeye huitikia marahaba kwa furaha. Kodoa akihamia Makorongoni, kesho asubuhi yeye ni nani? Mwanamke wa kuchambua machungwa, mabovu huku, mazima huku. Aliogopa, wenzangu.

Akainuka Mhina, fundi cherehani. Huyu Mhina ni mtu wa maneno machache, hana mtoto, na mkewe alikwisha kufariki.

"Alimwona," akasema. "Mimi nasema alimwona. Nyie mnadhani anayeona kila kitu anaona wezi tu? Kabla ya kuuona mkono wa yule mama, alikwisha kuliona shamba lake limepasuka. Aliwaona wanawe wanalamba sufuria kavu. Akanyamaza. Akainua kichwa kidogo, ngoma itoke bila kukwaruza. Hakuibiwa huyu. Alitoa."

Mama mmoja akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Bi Nyamvula naye moyo ukamrudi, kwa sababu miaka yote aliyoisimulia ngano ile hakuwahi kuwaza hivyo, na sasa aliona kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Sempombe akacheka kidogo. "Maneno matamu, fundi. Lakini ngano haikuishia hapo. Asubuhi yake Kodoa aliamka akalia, akauliza, 'Nani kaniibia ngoma yangu?' Watoto wenu wenyewe wanakiigiza kilio hicho njiani, nimewasikia nikija. Aliyetoa kwa hiari anauliza nani kamwibia? Na jabari, tumekubaliana, hasemi uongo."

Mhina akakaa. Debe likalia la pili.

Kilio kile! Hicho ndicho kilichomponza Bi Nyamvula. Mama yake hakuwahi kukisimulia. Yeye mwaka jana alinogewa, akaona watu wamekolea, akaongeza chumvi. Na kilio kikapendwa kuliko ngano yote. Hivyo ndivyo wasimulizi wanavyojichimbia, na aliyeko jikoni ndiye anayeungua.

Kabla Sempombe hajainua mkono tena, akasimama Chausiku. Mnajua nani aliyekuwa akimwita Chausiku? Hakuna. Mji mzima ulikula kwake, na mji mzima ulimwita Mama Ntilie, hata wanaume aliowapikia uji tangu hawana meno.

"Shusha hilo debe kwanza, baba, utavunja mkono," akasema. "Hivi wewe umewahi kupika harusi? Mimi nimepika. Wali huku, pilau kule, nyama, mchuzi, maharage ya wale wasiokula nyama, na mama wa bwana harusi yuko nyuma yangu anapumua. Naona masufuria yote. Na kwa sababu naona yote, moja linaungua mbele ya macho yangu. Kodoa alikuwa anaona dunia nzima. Samaki anawaona, nyota anaziona, nywele zako hizo ulizozipaka rangi anaziona. Mjane kapita hapo katikati. Ndivyo macho yalivyo."

Watu wakacheka mpaka makreti yakaanguka. Walicheka hata wa Makorongoni, hasa kwa hilo la nywele. Na hapo ndipo Sempombe alipokasirika, na msimulizi akikasirika hukumbuka kusimulia akasahau kufikiri.

"Unamfananisha Kodoa na mpika pilau?" akasema, akapanda juu ya kreti. "Kodoa aliyemwona sisimizi mweusi juu ya jiwe jeusi! Huyo apitwe na mjane mzima? Alimwona tangu anajifunga kanga kwake. Alimwona njia nzima. Alimwona akiingia, akamwona akinyoosha mkono, na akaiona hata mistari ya kiganja chake!"

Alisimulia vizuri, mwacheni apewe haki yake. Alisimulia vizuri mno, na watu wakisikia kitu kizuri midomo haingoji ruhusa. Banda zima likanguruma, Kwemsala na Makorongoni pamoja, "Imekuwa!"

Likawa. Sempombe akajishika mdomo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kwa ulimi wake mwenyewe alikuwa amekiri kwamba Kodoa alimwona mjane. Hakupitwa.

Akashuka kutoka kwenye kreti, amekunja uso. "Sawa," akasema. "Aliona. Bado hamjaniambia alilia nini. Aliona, halafu akauliza nani kaniibia? Kwa hiyo Kodoa wenu ni mwongo. Jabari mwongo si jabari." Na akainua mkono wa debe la tatu.

"Subiri," ikasema sauti kutoka mbele.

Alikuwa Mbaruku. Bi Nyamvula aliposikia sauti ile alifumba macho, akasema moyoni, nimekwisha. Maana Mbaruku alikuwa mbishi wa wabishi. Miaka yote alikaa mbele kabisa, si kwa mapenzi, bali amwone msimulizi akikosea vizuri. Aliwahi kumkatiza Bi Nyamvula kwa sababu juzi Kodoa alikanyaga mto kwa mguu wa kulia na leo kakanyaga kwa wa kushoto.

"Mimi sijawahi kumsifu huyu mama," akasema Mbaruku, "na leo sianzi. Lakini siku aliyosimulia kilio nilikuwa hapa hapa nilipo. Mjane alipotoka na ngoma tuliitikia. Baada ya hapo mvua ikashuka juu ya mabati haya. Nilimwona anachezesha midomo, sikusikia neno. Nyie wa nyuma mlikuwa mnakimbiza machungwa yasiloe. Kilio alitusimulia kesho yake njiani, kila mtu akamwambia mwenzake. Njiani si bandani. Aliyekisikia hapa na akaitikia, asimame."

Watu wakatazamana. Hakusimama mtu. Sempombe akageuka kwa watu wake waliokuwepo mwaka ule, nao wakaanza kukagua vidole vyao vya miguu.

Kisichoitikiwa hakijawa. Kodoa hakulia. Hakuuliza nani kamwibia. Aliona, akainua kichwa, akatoa. Maneno ya Mhina yakasimama bila kuegemea ukuta, na debe la tatu halikulia.

Sempombe akampa Bi Nyamvula mkono, kiungwana, ingawa uso ulikuwa umemshuka. Watu wakashangilia. Bi Nyamvula akalia, hakuficha, akalia kwa shukrani na pia kwa uchungu, maana kilio alichokipenda kuliko chochote alichowahi kukisema kilikuwa kimetolewa ndani ya ngano, na hatakisimulia tena.

Mngedhani mambo yameisha. Hamuwajui watu wa Kwemsala. Kelele za furaha hazijapoa, wakaanza, nani kalijaza shimo? Jina la nani linaingia? Na nafasi yenyewe ilikuwa moja na ilikuwa tamu. Ile ngoma ya mvua, tangu enzi za bibi, haikuwa na jina. Mavuno haya ingepewa. Kila mvua ikinyesha katika ngano, watoto wangelitaja jina hilo.

Mhina akasema, "Jibu lililosimama ni langu. Wenzangu wameondoa magogo njiani, njia nimeionyesha mimi. Na mimi sina mtoto wa kuniita. Ngoma ikiniita, inatosha."

Chausiku akasema, "Jibu lako lilikuwa limekaa chini, fundi, na wewe umekaa juu yake. Debe lilibaki moja. Nani aliliteremsha? Nani alimchokoza yule mpaka akakiri? Mnasema nadharia yangu ilikuwa mbovu. Ilikuwa mbovu, ndiyo, na ndicho chambo alichokimeza. Wala sitaki iitwe Mama Ntilie. Nina jina langu."

Hapo kuna mtu alinong'ona kumwuliza mwenzake jina lake nani, na Chausiku alisikia.

Mbaruku akasema, "Mmoja alikuwa na maneno mazuri, mmoja alikuwa na bahati. Mimi nilikuwa na ukweli. Bila mimi Kodoa angekuwa Makorongoni sasa hivi, na nyie wote mngekuwa mnalia kilio kile kile mnachokililia."

"Umekiua kilio wewe," akasema mama wa mtandio. "Umetuachia ngano imepungua."

"Nimewaachia ngano," akasema Mbaruku. Kisha akasema polepole, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema polepole, "Miaka yote nimekaa kiti cha mbele. Mnadhani mtu anakumbuka mguu wa kulia na wa kushoto wa kitu asichokipenda?"

Wote wakamgeukia Bi Nyamvula. Yeye ndiye wa kutaja. Akamtazama Mhina, aliyemwonyesha Kodoa wake alivyo. Akamtazama Chausiku, aliyemwokoa kwa jibu la makosa. Akamtazama Mbaruku, aliyempa jabari wake na kumnyang'anya kilio chake kwa mkono ule ule. Nje ya banda wingu lilikuwa limefunga, na tone la kwanza likagonga bati. Ilibidi ataje upesi, kabla mvua haijashuka ikameza jina, maana jina lisilosikika haliitikiwi, na lisiloitikiwa halijawa.

Akafungua kinywa.

Nami nasimama hapo hapo, kwa sababu mimi nilikuwa nyuma kabisa, na bati lilikuwa limeanza kulia. Jina halikunifikia. Kwa hiyo nyie mlio karibu nami leo, mvua hakuna na masikio mnayo. Tajeni mmoja, ila angalieni mnachotaja, maana wenzenu wakiitikia imekuwa. Mhina, Chausiku, au Mbaruku, ngoma ile iitwe nani?